Siku Nyani Alipotaka Kushindwa

Paukwa!

— Pakawa!

Palikuwa na mpira.

— Una ncha mbili!

Ukiudundisha huku?

— Unatokea kule!

Na anayeukimbilia kwa pupa?

— Anakula vumbi!

Haya, sogeeni. Wewe uliyekalia mkeka wa mwenzako, shuka. Hadithi hii haiwapendi wanyang'anyi, na mtaona kwa nini.

Hapo kale wanyama hawakuwa na mpira. Walikuwa na mbio, mieleka na kusengenyana tu. Kisha akarudi Korongo. Huyu Korongo alipotea njia wakati wa kuhama: wenzake walikata kushoto, yeye alikuwa anasinzia, akaja kuzindukia Australia. Alikaa kule mwaka mzima akiwatazama wenyeji wakicheza mpira wao, na aliporudi hakuwa na habari nyingine. Ukimwamkia, anakujibu mpira. Ukimpa pole ya msiba, anakueleza mpira. Mwishowe wanyama wakaona heri waucheze, labda atanyamaza.

Mpira wenyewe ulikuwa na umbo la papai bichi. Uwanja wake ulikuwa mviringo, mrefu kama yai, na kila mwisho zilisimama nguzo nne mstari mmoja. Wachezaji kumi na wanane kwa kumi na wanane. Mpira unapigwa kwa mguu au kwa ngumi. Kuurusha ni marufuku. Ukiudaka hewani, kapu!, hakuna wa kukugusa, unapiga kwa nafasi yako. Mpira ukipita kati ya zile nguzo mbili ndefu za katikati, Korongo anainua mabawa mawili: sita. Ukipita pembeni, kati ya ndefu na fupi, anainua bawa moja: moja. Filimbi hakuwa nayo, alikuwa na mdomo wake tu. Ka-ka-ka-ka!

Basi, vilabu vilivyokuwa na jina ni viwili. Cha kwanza ni Majabali, na mwenyewe Majabali ni Nyani. Alikuwa nahodha, alikuwa mwalimu, alikuwa mwenyekiti, na mpira wa adhabu alipiga yeye. Mikono yake ilikuwa minene kama magogo, na akiukumbatia mpira hakuna aliyemtoa. Cha pili ni Vichaka, na mwalimu wa Vichaka alikuwa Sange.

Sange mnamjua? Hamumjui. Ni mnyama mdogo anayeenea kiganjani, mwenye pua ndefu inayochezacheza muda wote. Yeye na jamaa zake wana tabia moja: hutengeneza njia. Kila asubuhi Sange hupita vijia vyake chini ya majani makavu, anaondoa kijiti hiki, anasukuma jani lile, ili siku ya hatari asijikwae. Na mpira aliufundisha hivyohivyo. Alifyeka vijia uwanjani, akawapanga watoto. Mpira ukiwa kwa Digidigi, wewe Pimbi njia yako hii. Mpira ukiwa kwa Pimbi, wewe Digidigi njia yako ile. Wakakimbia, wakakimbia, mpaka wakaweza kukimbia macho yamefumbwa. "Mpira hauchezwi na aliye nao," aliwaambia kila siku. "Unachezwa na wasio nao." Pimbi alikuwa akiyasema maneno hayo usingizini, na Pimbi alilala sana.

Watoto wote wa porini walipita mikononi mwa Sange, wa Vichaka na wasio wa Vichaka. Nyani hakufundisha hata mmoja. Kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na Nyani alikuwa hodari wa kukwepa kazi.

Sasa sikilizeni sheria moja, maana hadithi nzima imekaa juu yake. Korongo aliitoa hukohuko Australia. Kila mwaka, baada ya fainali, vijana waliokomaa husimama mstari, vilabu vikachagua. Mshindi wa fainali hupewa mzinga wa asali. Aliyeshindwa hapewi asali, lakini huchagua kijana kwanza. Korongo alisema ni ili mnyonge asibaki mnyonge milele.

Miaka saba mfululizo Nyani alikula asali. Miaka saba mfululizo Sange alichagua kwanza, na Nyani akachagua wa pili bila hata kutazama, vidole bado vinanata. Mwaka uliotangulia alimchukua Ngawa, kijana mwenye miguu miepesi aliyejua vijia vyote. Ngawa hakucheza hata siku moja. Kazi aliyopewa ni kukaa mgongoni kwa Nyani kumchambua chawa. Siku moja Sange alimkuta mtoni akamjulia hali, na Ngawa akamwuliza kama vile vijia vya uwanjani bado vipo. Sange alijibu vipo, akaenda nyumbani, akashindwa kula.

Mwaka huo wa hadithi yetu, kijana wa kukomaa alikuwa Komba.

Msicheke. Najua mnavyosema mtu kalewa kama komba. Huyu alikuwa bado mdogo, pombe hajaionja. Sange alimwokota chini ya mti akiwa kachanga, macho makubwa kuliko kichwa, na alimfundisha kutua kabla hajamfundisha kuruka. Sasa akiruka, unamsahau. Unaendelea na mambo yako, kisha anashuka na mpira kifuani.

Wiki moja kabla ya fainali, Nyani alikuwa amesimama kando ya uwanja akila ndizi. Mpira ukapigwa juu, ukaelekea kwake. Komba akaja mbio, akakanyaga kiuno cha Nyani, akakanyaga mabega ya Nyani, akapaa. Kapu! Akatua upande wa pili, akaomba radhi, shikamoo mzee, akarudi mazoezini. Nyani akajipapasa mabega. Wengine tulidhani ataua mtu. Lakini aliinua kidole tu, akasema, "Huyu ni wangu."

Sange hakutishika. Ili achague kwanza, Nyani ingebidi ashindwe, na ashindwe aiache asali. Nyani kuacha asali? Sange akaendelea kufyeka vijia vyake.

Siku ya fainali ikafika. Porini hakubaki mtu. Mzinga ukawekwa juu ya kisiki, nyuma ya nguzo za upande wa mashariki, umefunikwa. Korongo akaubamiza mpira katikati ya uwanja, du!, ukaruka juu, mechi ikaanza.

Nyani akakunja mikono. Manyani wenzake wote wa Majabali wakakunja mikono.

Digidigi, nahodha wa Vichaka, akauokota mpira akishangaa. Akakimbia nao akiudundisha kama sheria inavyotaka, du, du, du, akipita katikati ya manyani waliokuwa wanatazama mawingu. Akapiga, buu! Korongo akainua mabawa mawili. Sita.

Vijana wakamrukia Digidigi, wakamwangusha, wakamlalia. Katika miaka saba hawakuwahi kuongoza hata kwa muda wa kupiga chafya. Sange naye akarukaruka. Kisha akamwona Nyani anapiga makofi, akaacha kuruka. Mtu anayefungwa akapiga makofi, ama ni mstaarabu sana, ama ana jambo lake. Na Nyani, ustaarabu hakuwa nao.

Mpira huu una robo nne; ya kwanza ilipokwisha, Sange akaingia chini ya nyasi, akafuata kijia kimoja mpaka chini ya jiwe alilokalia Nyani. Akatega sikio.

"Asali ni ya siku tatu," Nyani alikuwa akiwaambia wenzake. "Komba ni wa miaka kumi. Yeye atadaka, mimi nitapiga. Akichoka kudaka, atamsaidia Ngawa kwenye chawa. Leo mtu asinifungie hata moja."

Sange alirudi kwa kijia kilekile na mara mbili akakosea njia aliyoifyeka mwenyewe. Akawakusanya vijana, akawaambia kwa kifupi: acheni kufunga. Hawakumwelewa, lakini walimtii.

Robo ya pili, mpira ukalala katikati ya uwanja peke yake. Vichaka wanautazama. Majabali wanautazama. Kunguru akashuka, akaudonoa, akaona hauliwi, akaondoka. Watazamaji wakaanza kuzomea, na Pimbi, kwa kuwa jua lilikuwa zuri, akajilaza.

Kumbe Nyani alikuwa na lake. Sheria inasema timu ikiuvusha mpira kwenye nguzo zake yenyewe, mpinzani anapata moja. Basi akaunyanyua mpira, akatembea nao taratibu mpaka kwenye nguzo zake, akaupiga ngumi ukapita. Korongo akainua bawa moja. Moja. Akaufuata tena, akautembeza tena, ngumi tena. Bawa moja. Moja. Sange akawatuma vijana wamzuie. Pimbi akaamshwa, akajitupa mbele. Kiwiko kikampata, akaviringika mpaka miguuni kwa watazamaji. Bawa moja. Moja. Mpaka robo inakwisha, Vichaka kumi na moja, Majabali sifuri.

Hapo Sange akajua. Mwenye nguvu, hata kushindwa anakushinda.

Wakati wa mapumziko marefu, Sange hakuwatazama vijana wake, alimtazama Nyani. Nyani alikuwa na ndizi tatu mkononi, zimeiva vizuri. Pembeni yake mtoto wa nyani alikuwa anamenya ndizi moja, nyembamba, ina doa jeusi. Nyani akaitazama ndizi ile. Akatupa zake tatu chini, akamnyang'anya mtoto ile moja, akala. Zile tatu akazikanyaga wakati anainuka.

Pua ya Sange ikaacha kucheza. Ikicheza anatafuta, ikitulia amepata.

Akamwita Digidigi pembeni, akamweleza yote: Komba, chawa, miaka kumi. Akamweleza kwamba leo Vichaka lazima wapoteze. Digidigi alisikiliza akitazama kwato zake. Alikuwa na fainali tano miguuni, na mwaka uliofuata, kwa umri wa digidigi, huenda asingekuwapo uwanjani.

"Mwalimu," alisema, "tunaongoza. Mara moja tu. Mama yangu yuko pale."

Sange alimwona mama mtu kwenye watazamaji, amejifunga kitambaa cha kijani cha Vichaka, anaimba. Moyo ukamuuma. Akamwambia Digidigi kweli. "Siwezi kukulazimisha. Mimi mwenyewe nataka asali ile mpaka meno yananiuma. Lakini Komba nimemfundisha kutua, na kule anakokwenda hataruka tena." Digidigi akarudi uwanjani bila kukimbia, jambo ambalo digidigi hawalifanyi.

Robo ya tatu ikawa kama ya pili. Nyani anatembeza mpira kwake, bawa moja, moja. Bawa moja, moja. Bawa moja, moja. Kumi na nne kwa sifuri. Sange hakuwapo kwenye mstari. Alikuwa kwa Korongo, na heshima zake zote.

"Mzee Korongo, shikamoo. Tunaongoza, na asali ikikaa juani inayeyuka. Kuna ubaya tukiandaa majani ya kugawia, na kuufunua mzinga upate hewa?"

Korongo alifikiri kwa mguu mmoja. Sheria za Australia zilikataza kuigusa tuzo kabla ya kipyenga cha mwisho. Majani hazikuyataja. Kufunua kifuniko ili mzinga upate hewa, nako hazikukutaja. Akasema sawa.

Robo ya mwisho, Majabali walikuwa wanashambulia upande wa mashariki, ulipo mzinga. Namna ya kusema tu; walikuwa hawashambulii kitu. Sange akapanda juu ya kisiki, akafunua kifuniko. Upepo ukaipata ile harufu, ukaitembeza uwanjani. Watu wazima wakafumba macho. Nyani akainua pua, akajikaza, akajisemea kimoyomoyo: Komba, Komba, Komba.

Sange akatandika jani la mgomba. Akasema kwa sauti ambayo hamkujua kama sange anayo, "Hili la Pimbi. Masega mawili, kwa kiwiko alichokula."

Nyani akameza mate. Komba, Komba, Komba.

Sange akatandika jani la pili. "Hili la Digidigi. Masega matatu, nahodha huyu."

Nyani akashika kichwa. Komba, Komba, Komba.

Sange akatandika jani la tatu, na la nne, na la tano, mpaka majani kumi na manane yakajaa kwenye nyasi, kila jani na jina lake. Majina mengine hata mimi siyakumbuki. Nyani alikuwa anageuka kila jina linapotajwa. Kwa miaka saba mzinga ule ulikuwa wake. Kuukosa aliweza, alikwisha kuupigia hesabu. Kumwona Pimbi anaula, hilo hakulipigia.

Kisha Sange akatandika jani la kumi na tisa. Dogo, limechanika.

"Na hili?" akauliza Pimbi, aliyekuwa ameambiwa aulize.

"Hili la jirani yetu Nyani. Si vizuri kumwacha mtupu. Tukishamaliza kula, tumpe nta alambe."

Manyani wakamgeukia mkubwa wao.

"Nta," akasema Nyani.

"Ikibaki," akasema Sange.

Nyani akanguruma, majabali yakaitikia. Akaupora mpira mikononi mwa nyani mwenzake, akakimbia nao, du, du, du, vumbi linapanda. Vijana wa Vichaka wakakumbuka vijia vyao: mpira ukiwa kwa Nyani, wewe kaa huku, wewe kaa kule, na njia ya katikati iacheni wazi. Buu! Korongo akainua mabawa mawili. Sita.

Nyani akasimama. Akajipiga kofi la paji la uso. Alikwisha kumkumbuka Komba, midomo ilikwisha kuanza kulitaja jina. Sange akalipasua lile jani la kumi na tisa nusu mbili, akatupa nusu.

Buu! Mabawa mawili. Kumi na mbili.

Manyani wengine wakawa wanamwita, mzee, mzee, tulikubaliana. Hakuwasikia. Sange akaiokota ile nusu iliyobaki, akajipangusia pua.

Buu! Mabawa mawili. Kumi na nane.

Majabali kumi na nane, Vichaka kumi na nne. Nyani hakurudi katikati ya uwanja. Alipita kati ya nguzo nyuma ya mpira wake, akaruka majani yote kumi na manane, akaukumbatia mzinga, akakaa chini. Sheria ilimkataza kuutia mkono mpaka mdomo wa Korongo ulie, basi akangoja, mkono umesimama juu ya tundu.

Mechi ilikuwa haijaisha.

Hapa sasa ndipo roho ya Sange ilipopanda kooni, maana mpira ulirudishwa katikati, du!, na manyani bila mkubwa wao hawakujua wakimbie wapi. Pimbi, kwa mazoea tu, akaupiga mbele. Mazoea hayana macho. Na Digidigi, kwa mazoea yaleyale, alikuwa tayari kwenye kijia chake upande wa magharibi, mbele ya nguzo, peke yake. Kapu!

Korongo akatazama jua. Akatangaza kwamba mpigo huo ni wa mwisho.

Hesabu rahisi, hata wewe wa mkeka unaiweza. Digidigi akipitisha katikati, mabawa mawili, ishirini kwa kumi na nane. Vichaka mabingwa. Mama mtu alikuwa ameacha kuimba, ameshika kitambaa kwa mikono miwili. Komba alikuwa amesimama kwenye mstari wa vijana waliokomaa, macho yale makubwa hayapepesi. Sange alikuwa upande wa pili wa uwanja, mbali, na hata angepiga kelele isingefika. Kwa hiyo hakupiga. Alifundisha alichofundisha, kilichobaki kilikuwa cha Digidigi.

Digidigi akarudi nyuma hatua sita. Akautazama mpira. Akaitazama nafasi ya katikati, pana, haina mtu. Akakimbia, akapiga, buu!, na ulikuwa mpigo mzuri kuliko yote aliyopata kupiga maishani. Ukapanda, ukazunguka kwa ncha zake, ukainama kidogo mwishoni, ukapita nje ya nguzo ndefu, upande wa pembeni.

Korongo akainua bawa moja. Moja.

Ka-ka-ka-ka-ka! Mwisho. Majabali kumi na nane, Vichaka kumi na tano. Watazamaji wakasema maneno kuhusu miguu ya Digidigi ambayo sitayarudia mbele ya watoto.

Nyani akaingiza mkono mzingani mpaka kwenye kiwiko. Akajaza mdomo. Akafumba macho kwa utamu. Na wakati huo Korongo akaita vijana waliokomaa wasogee, akamgeukia Sange, akamwambia aliyeshindwa achague.

"Komba," akasema Sange.

Nyani akafumbua macho. Alisema kitu kirefu sana, akisimama, akinyoosha mkono unaochuruzika, lakini mdomo ulikuwa umejaa na hakuna aliyemwelewa. Korongo alidhani anashukuru kwa tuzo, akamjibu karibu.

Komba hakutembea kwenda kwa Sange. Aliruka, akatua pale pale alipofundishwa kutua, miguu miwili pamoja, na Sange akamshika sikio akamwambia amechafua magoti. Alikuwa analia, ila pua ndefu huficha mengi.

Jioni hiyo alimtafuta Digidigi, akamkuta kando ya mto anaosha kwato. Akakaa naye.

"Ulipita kidole kimoja tu kutoka kwenye nguzo," Sange alisema.

"Nililenga nusu kidole, Mwalimu," akasema Digidigi. "Niliharakisha kidogo."

Sange hakuwa na masega ya kumpa. Alimwambia kwamba katika miaka yote hajafundisha mchezaji kama yeye, na alikuwa anasema kweli, na Digidigi alijua hasemi hivyo kwa kila mtu.

Mnataka kujua mwaka uliofuata? Mnapenda sana kujua. Digidigi alikuwapo bado, na magoti yake mabovu. Komba akidaka, Digidigi akipiga, Vichaka wakawafunga Majabali kwa pointi arobaini. Digidigi alikula asali mpaka akaugua tumbo siku mbili, na mama yake akamwuguza huku anaimba. Nyani, kwa kuwa alishindwa, alipata haki ya kuchagua kwanza. Hakumjua kijana hata mmoja kwa jina, basi akachagua mwenye mwili mkubwa. Akachagua mtoto wa Kiboko, ambaye hakuruka kamwe, na aliyewamalizia migomba yao yote kabla ya masika.

Haya, funzo la hadithi. Ninyi watoto wa siku hizi mnapenda funzo, shikeni.

Ukiwa mkubwa wa klabu, usihangaike na vijana. Vijana hujilea wenyewe. Wewe ukiona mzinga, tia mkono. Nimezunguka sana, nimeona viongozi wengi wa mpira, na Mungu awabariki, funzo hili wameshalishika bila hata kusimuliwa.

Ngano yangu nimeipiga. Ikipita katikati, ni yenu.

— Na ikipita pembeni?

Nirudishieni, nimeilenga huko makusudi.